Siku 11 za Kumfuata Mkondoro

Mkondoro ni joka la maji nililolibuni mwenyewe, na bahari anamoishi haimo katika ramani yoyote. Nimekwisha kumwandika mara kadhaa bila kuridhika, kwa sababu kila alipoingia katika ukurasa alikuwa magamba na ukali mtupu, ndugu wa lile joka ambalo Olaus Magnus, kasisi wa Uswidi, alilichora katika ramani yake ya bahari za kaskazini mwaka 1539, likijiviringisha kwenye merikebu. Safari hii nimeamua kumfuata siku kwa siku, kama baharia anayetunza daftari lake, na kumwekea sharti moja ambalo sitamsamehe hata hadithi ikinibana: lazima apande juu kuvuta hewa. Ukubwa wake, mwendo wake, chakula chake na malezi ya wanawe, yote yatatoka katika sharti hilo. Wanyama wengine ninaowataja ni wa kweli, na miili yao ndiyo iliyonifundisha namna ya kuujenga wake.

Siku ya 1

Tuling'oa nanga katika mlango wa mto saa 11 alfajiri, maji ya bamvua yakianza kupwa, tukiwa watu wanne: nahodha, mabaharia wawili na mimi. Nahodha alinigawia kazi mbili, kuchota ngama, yaani maji yanayojikusanya chini ndani ya jahazi, na kuhesabu pumzi. Ya kwanza inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupanda jahazi la mbao. Ya pili ndiyo shabaha ya safari: kila mkondoro anapoibuka ninaandika saa, idadi ya pumzi alizovuta, na dakika alizokaa chini kabla ya hapo.

Tulimkuta karibu na mikoko, mahali ambapo maji bado yalikuwa na rangi ya udongo. Ni jike, mzito, na tutamtambua kwa ufa ulio katika ukingo wa ubawa wake wa kushoto. Kwanza yaliibuka matundu mawili ya pua, yaliyokaa juu kabisa ya kichwa, kila moja likiwa na kigubiko cha nyama kinachofunguka kama kope. Alipotoa pumzi ilisikika sauti fupi, nzito, kama gunia linalotupwa sakafuni, na ukungu wenye harufu ya mwani ukatulowesha nyuso. Kisha ukafuata mgongo, wa rangi ya risasi, wenye magamba madogo yaliyobanana kiasi kwamba maji yaliteleza juu yake bila kuacha tone. Nahodha alikadiria urefu wake kuwa hatua 14. Jahazi letu lina hatua 16.

Waandishi wengi humpa joka wa maji matamvua, na hapo shida ya hewa huwa imekwisha. Mimi sikukubali. Lita moja ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 20 ya ile iliyomo katika lita moja ya maji, na mnyama mkubwa mwenye damu ya moto angelazimika kupitisha maji mengi mno mdomoni ili apate haki yake. Jodari hufanya hivyo, lakini kwa gharama kubwa: haruhusiwi kusimama, kwa kuwa akiacha kuogelea maji huacha kupita katika matamvua yake. Mkondoro nilimtaka aweze kusimama, atulie chini ya maji na kusikiliza. Kwa hiyo nilimpa mapafu, na pamoja na mapafu nikampa deni ambalo atalilipa juu ya maji maisha yake yote.

Katika maji haya ya kina kifupi aliibuka kila baada ya dakika 12, akivuta pumzi 3 au 4. Jua lilipotua tulikuwa tumeandika mistari 49.

Siku ya 2

Maji yalisafika, nikamwona akiogelea kwa mara ya kwanza. Nililala kifudifudi kwenye omo, kidevu juu ya mbao, naye akapita chini yangu pima 2 hivi.

Mbawa zake ni fupi, ngumu, zimenyooka kama makafi ya makasia. Hapo napo nililazimika kuacha picha niliyoipenda tangu utotoni, ya joka mwenye mbawa pana za ngozi anayetumbukia baharini na kuendelea kuruka huko chini. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na ubawa uliotandazwa kwa ajili ya upepo ungekunjika nyuma kwa pigo la kwanza. Pengwini alilipatia ufumbuzi jambo hili kwa ubawa mdogo na mgumu, na kwa ubawa huo anaruka ndani ya maji kwa maana halisi ya neno kuruka. Mkondoro hupiga mbawa za mbele polepole, juu na chini, huku zile za nyuma zikimsawazisha, na mkia wake hutumika kama usukani. Unapinda kidogo tu, halafu mwili mzima unafuata bila haraka.

Kijana wetu wa tanga alikuwa akisubiri jambo jingine. "Nahodha, mbona hainui shingo?"

"Ataiinua ili amtazame nani, mwanangu?" nahodha akamjibu. "Chakula chake kiko chini."

Nilicheka kwa furaha, kwa kuwa nahodha alikuwa amesema kwa sentensi mbili jambo lililonichukua muda mrefu kulikubali. Mary Anning, mtafuta visukuku wa Uingereza, alipochimbua mifupa ya plesiosauri, reptilia wa kale wa baharini, mwaka 1823, urefu wa shingo ya mnyama yule uliwashangaza wataalamu, na tangu hapo wachoraji hawakuchoka kuichora ikiwa imesimama juu ya mawimbi kama ya bata maji. Shingo kama hiyo ndani ya maji hubebwa na maji. Nje ya maji hugeuka mzigo. Ya mkondoro nimeifupisha, nikaifanya nene na yenye nguvu.

Siku ya 3

Leo tumevuka mstari ambapo maji ya mto yanakutana na bahari. Unaonekana kwa macho: upande mmoja rangi ya chai ya maziwa, upande wa pili rangi ya samawati, na katikati povu lenye majani na vijiti. Mkondoro alipovuka alianza kulia machozi.

Sikumpa huzuni; nilimpa tezi. Damu ya reptilia haiwezi kuvumilia chumvi ya bahari, na figo zake peke yake haziwezi kuitoa yote, hivyo kila ukoo uliorudi baharini ulitafuta mlango wake. Kasa hutoa chumvi kwa tezi zilizo karibu na macho. Mamba wa maji ya chumvi anazo kwenye ulimi. Mjusi wa baharini wa visiwa vya Galápagos huipiga chafya kupitia puani, mpaka kichwa chake kikapata kofia nyeupe. Nilichagua njia ya kasa kwa sababu ndiyo inayoonekana. Alipoibuka mchana, jua likiwa utosini, niliona chini ya jicho lake utando mweupe uliokauka na kupasuka vipande vipande, na juu yake mstari mbichi wa maji mazito ukitiririka taratibu kama utomvu. Jicho lenyewe ni kahawia, na mboni yake imesimama wima. Lilinitazama, kisha likafunikwa na utando mwembamba unaopenya mwanga, akazama.

Siku ya 4

Shwari. Tanga lilining'inia tangu asubuhi hadi usiku. Pumzi kila baada ya dakika 15 hadi 18. Nilichota ngama mara mbili.

Siku ya 5

Mvua ilitukuta kabla ya adhuhuri, mvua nzito isiyo na upepo, ikishuka wima. Mabaharia walitandaza tanga dogo na kukinga maji kwa mapipa. Hatukuwa na uhaba, ila nahodha hapitwi na maji ya bure. Nilikuwa nimejikunyata chini ya turubai niliposikia kijana akiniita: "Kaka, njoo umwone, njoo haraka!"

Mkondoro alikuwa ametulia juu ya maji, umbali wa kasia moja tu kutoka ubavuni mwa jahazi, kichwa kimelala sawasawa na uso wa bahari, taya la chini limefunguka kiasi cha upana wa kiganja. Alikuwa akinywa. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, na mvua ikinyesha kwa nguvu wakati bahari imetulia, hukaa juu kama utando wa maji matamu kabla mawimbi hayajayachanganya. Nyoka wa baharini mwenye tumbo la njano huishi hivyo hivyo. Anazungukwa na maji asiyoweza kuyanywa, anavumilia kiu kwa muda mrefu, na mvua ndiyo kisima chake. Niliposoma habari zake kwa mara ya kwanza nilisimama na kuzunguka chumba, kwa maana sikuwahi kufikiri kwamba kiumbe wa baharini anaweza kupatwa na kiu.

Alikunywa kwa muda wa robo saa. Ulimi wake, mfupi na mnene, ulikuwa ukipanda na kushuka, na kila mara aliposogea alisogea kidogo sana, kwa ncha za mbawa tu, ili asivuruge utando ule. Kijana alikuwa na kata mkononi iliyojaa maji ya tangani. Aliinywa yote akimtazama, wala hakuna aliyezungumza.

Siku ya 6

Tumefika mahali ambapo sakafu ya bahari inakatika. Baharia mkubwa alipiga bildi, risasi ya kupimia kina, akatoa kamba hadi pima 60, na risasi haikugusa kitu. Rangi ya maji iligeuka kuwa buluu inayokaribia weusi.

Saa 3 asubuhi mkondoro alianza kupumua kwa namna nyingine. Pumzi za siku zilizotangulia zilikuwa 3 au 4. Sasa nilihesabu 10, 15, 20, za haraka na zenye kina, na kati ya pumzi na pumzi hakuzamisha kichwa hata mara moja. Baada ya pumzi ya 26 alitoa hewa kwa nguvu, akapinda mgongo, na mkia wake ukaingia majini ukiwa wima. Niliandika saa 3 na dakika 14.

Mtu ambaye hajui kinachoendelea angedhani kwamba mpiga mbizi mkubwa hujaza mapafu kabla ya kwenda chini, lakini sili wanaozama sana hutoa hewa kwanza, kwa sababu hewa wanayoitegemea haimo mapafuni. Imo katika damu na katika misuli, imeshikwa na protini iitwayo mayoglobini, ambayo katika nyangumi wa kina kirefu ni nyingi kiasi cha kuifanya nyama yake ikaribie kuwa nyeusi. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo wa angahewa moja. Kufikia mita 1,000 mwili unabanwa na zaidi ya angahewa 100, na mapafu yanakubali kujikunja badala ya kushindana. Moyo hupunguza mapigo. Damu huondolewa pembeni na kupelekwa kwenye ubongo. Haya yote nimempa mkondoro kama yalivyo, kwa sababu sikuona namna ya kuyaboresha.

Nusu saa ilipita. Saa nzima ikapita. Nahodha alikuwa akishona tanga, na niligundua kwamba sindano yake ilikuwa imesimama kwa muda. Nilijaribu kuandika maelezo ya mawingu, nikayafuta. Nilijua kwamba atarudi. Mimi ndiye niliyemwandika, na bado nilikuwa nimeushika ukingo wa jahazi hadi vidole vikaniuma.

Aliibuka saa 4 na dakika 27, mbali upande wa tezi, nyuma ya jahazi, kwa kishindo kilichotikisa maji. Dakika 73. Alivuta pumzi 41 kabla ya kutulia. Kwenye taya lake palikuwa na alama mpya za duara, zilizopangwa kama shanga, kila moja na ukubwa wa sarafu: alama za vikombe vya mikono ya ngisi.

Siku ya 7

Usiku wa kuamkia leo tulimwona akiwaka.

Suala la moto limenisumbua kuliko mengine, kwa kuwa msomaji akisikia joka husubiri moto. Sikutaka kumdanganya kwa gesi zinazowaka ndani ya maji. Nilimpa mwanga: safu mbili za vifuko chini ya taya, zenye bakteria wanaong'aa, kama vile baadhi ya samaki na ngisi wanavyowahifadhi bakteria wa namna hiyo katika miili yao na kuwalisha. Mwanga wake ni wa buluu, kwa maana rangi nyekundu humezwa na maji mapema sana, ilhali buluu husafiri mbali zaidi. Tuliona mstari mmoja ukiwaka chini yetu, ukazimika, ukawaka tena, kwa mpango uliokuwa ukirudiwa.

Baharia mkubwa alituonyesha cha kufanya. Alizamisha kasia majini na kuliweka shina lake sikioni, kisha akanipa. Kupitia mti ule niliisikia sauti yake: nzito, ndefu, karibu na kilindi cha uwezo wa sikio, zaidi mtetemo wa meno kuliko sauti. Majini sauti huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya mwendo wake hewani, na zile nzito hufika mbali mno. Nilihesabu miito 9. Baada ya muda mrefu, dhaifu kabisa, ukaja wa 10 ambao haukuwa wake.

Siku ya 8

Leo tulikosea, na kosa nitaliandika kama lilivyo.

Alikuwa amezama dakika 20 hivi, kina cha wastani, nasi tulikuwa tumetweka tanga tukidhani ameelekea mbele. Alikuwa chini yetu. Niliona kivuli kikipanda, kikasimama pima 3 chini ya mkuku, kikageuka kushoto. Upepo nao ulitusukuma kushoto. Kikageuka kulia, na jahazi, kwa sababu nahodha alikuwa ameshaanza kulipinda, likaenda kulia. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke niliona mapovu yakitoka puani mwake. Ile hewa kidogo iliyosalia ilikuwa ikimtoka, na kati yake na anga nzima palikuwa na mbao zetu.

"Tua tanga!" nahodha alipiga kelele. "Tua yote, mwanangu, kata ikibidi!"

Kijana alikata kamba. Tanga liliporomoka pamoja na foromali, ule mti unaolibeba, na mwisho wa foromali ukampiga baharia mkubwa begani. Jahazi lilipunguza mwendo, likasimama, na mkondoro akapita chini ya omo na kuibuka akiwa amefungua mdomo wazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Koromeo lake lina kifuniko, kama cha mamba, kinachozuia maji yasiingie mapafuni mdomo ukiwa wazi, nilikiona kikitetemeka. Alipumua mara 33. Hakutushambulia wala hakukimbia. Alilala juu ya maji, ubavu wake ukipanda na kushuka, na mbele ya mbawa za nyuma niliona kitu kikisogea chini ya ngozi, kutoka ndani kwenda nje, kisha kikatulia.

Kuanzia saa ile tumekubaliana kwamba hatutamsogelea kwa chini ya hatua 200, na kwamba akizama, tanga linatuliwa mpaka aibuke. Baharia mkubwa amefungwa bega kwa kitambaa. Anasema kwamba angempa na bega la pili.

Siku ya 9

Tumeingia katika kidimbwi kikubwa kilichozungukwa na matumbawe, chenye maji ya vuguvugu na mchanga mweupe. Mkondoro wa pili yumo humo, naye ni jike, mwembamba zaidi na mzee, magamba ya kichwani yakiwa yamefifia. Nadhani ndiye mwenye ule mwito wa 10.

Nilitamani sana awe anataga. Yai la joka ni kitu kizuri kukiandika. Lakini kiinitete ndani ya yai la reptilia hupumua kupitia ganda, na yai hilo likizamishwa hufa, ndiyo maana kasa, pamoja na kuishi baharini miaka yote, lazima ajiburute hadi mchangani kuchimba shimo. Mkondoro wa hatua 14 angejiburuta vipi? Kifua chake kingeyalemea mapafu yake mwenyewe. Iktiosauri, reptilia wengine wa kale wa baharini, hawakutaga, yamepatikana mabaki yao yenye watoto ndani ya tumbo la mama. Nyoka wengi wa baharini nao huzaa wana hai majini. Kwa hiyo anazaa, na mtoto wake anaingia duniani akiwa tayari na deni: ana muda mfupi tu wa kufika juu.

Siku ya 10

Pumzi kila baada ya dakika 9. Hali kitu. Yule mzee anamzunguka.

Siku ya 11

Ilianza kabla ya mapambazuko. Tulikuwa tumetia nanga nje ya mdomo wa kidimbwi, mimi na kijana tukasogea kwa mtumbwi hadi hatua 200 tulizoahidi, tukaacha kupiga kafi. Mwanga wa vifuko vyao ulionekana chini, mistari miwili, mmoja umetulia na mwingine ukizunguka. Kulipopambazuka vizuri niliona mkia mwembamba umetokeza kwa mama, umekunjamana kama jani bichi, halafu mbawa mbili zilizolala zimebana ubavuni. Mtoto alitoka kwa mkia kwanza, kama pomboo wengi wanavyozaliwa. Kichwa kilichelewa. Mama alijinyoosha mara moja, kwa nguvu, na maji yakaingia wingu la damu.

Mtoto hakuogelea. Alizama kidogo akiwa amelala ubavu, mbawa bado zimebana. Kijana alinishika mkono bila kusema. Ndipo yule jike mzee akapita chini yake, akampokea juu ya bapa la kichwa, na kumpandisha polepole sana, kama alivyokuwa akitembea mwenzake siku ya mvua, mpaka uso wa maji ukapasuka na vigubiko viwili vidogo vikawa nje. Havikufunguka. Mama akafika upande wa pili, akausukuma ubavu wa mtoto kwa pua. Mara ya tatu, kimoja kikafunguka, na cha pili kikafuata, na ikasikika sauti nyembamba kama ya kitambaa kinachochanwa.

Niliandika saa 12 na dakika 22. Kwenye daftari nimechora safu mpya pembeni mwa ile ya mama.

Saa 12:22, pumzi 1.
Saa 12:23, pumzi 2.
Saa 12:25, pumzi 2, mzee bado yuko chini yake.
Saa 12:28, pumzi 4, peke yake.